Seti ya pampu ya kupimia rejeta, vipande 28: inafaa gereji za Unguja na Pemba?

Gari inayokunywa maji haifanyi miujiza. Kila tone linalopungua kwenye kopo la akiba limepita mahali: limedondoka chini, au limeingia kwenye silinda likatoka na moshi, au limefuka mvuke kwenye mfuniko uliochoka. Seti hii ya pampu kazi yake kubwa ni kukuonesha njia hiyo wakati injini imepoa na mkono wako hauko hatarini, na kazi hiyo inaiweza vizuri kuliko sura yake inavyoonesha. Kazi nyengine zilizoandikwa kwenye boksi, baadhi inaziweza na baadhi ni maneno ya boksi tu.

Tunayoizungumzia ni ile ya boksi la plastiki isiyo na jina kubwa, inayouzwa kwa vibandiko tofauti na ndani ni ile ile. Kuna pampu ya mkono yenye geji, kundi la adapta za rangi mbalimbali, adapta moja ya mpira unaotanuka kwa shingo zisizo na mwenzake, kipimajoto, kifaa cha kufyonza hewa chenye geji yake, na kipande cha kuunganishia mfuniko wa rejeta ili upimwe peke yake. Geji inasoma PSI na baa, vipimo viwili vya presha. Kama dukani Mlandege au Mwanakwerekwe hawana, agiza Kariakoo ije na boti. Ni ghali kuliko mfuniko mpya, hilo halina ubishi. Lakini pa kuilinganisha ni kwenye gharama ya kuteremsha hedi, kile kichwa cha injini, na huko haifiki hata robo ya njia.

Kwa nini pampu na si macho tu? Tazama mfuniko wa rejeta ya Toyota. Juu umeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni kilo kwa sentimita ya mraba, 0.9 ni karibu PSI 13 na 1.1 ni karibu PSI 16. Maji matupu yanayochemka kwa digrii 100 kwenye sufuria, chini ya mfuniko wa 0.9 hayachemki mpaka yakaribie digrii 119. Ndiyo maana mfumo unafungwa. Sasa tundu dogo lisilovuja gari ikiwa imelala, huvuja presha ikipanda. Na presha ikipanda injini nayo ni ya moto, kwa hiyo tone linakauka juu ya chuma kabla halijafika chini. Mwenye gari anatazama sakafu, pakavu. Anatazama kopo, limepungua. Hapo ndipo maneno ya "gasketi imekwenda" yanapoanza, na hedi inateremshwa kwa kosa la klipu ya hozi. Pampu inakupa presha bila ya moto. Tone linatoka na linabaki pale pale lilipotokea, unaliona.

Kabla ya kuiamini, ipime yenyewe. Seti hizi zina ugonjwa mmoja unaojirudia: kiungo cha kubofya, pale paipu ya pampu inapokutana na adapta, huvuja hewa kidogo kidogo. Funga mfuniko mpya kwenye kipande cha kupimia mifuniko, pandisha hadi PSI 10, subiri dakika 5. Sindano ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye kiungo na kwenye mfuniko. Povu likichemka kwenye kiungo, anayevuja ni pampu, si gari. Dawa ni kubadilisha oringi (pete ya mpira) ya ndani. Ni kitu kidogo, chukua ya zamani mkononi uende nayo dukani ukaifananishe. Sindano nayo ikae kwenye sifuri pampu ikiwa haijaunganishwa. Ikiwa inakaa juu ya sifuri tangu dukani, rudisha seti, usijipe kazi ya kujumlisha na kutoa.

Upimaji wenyewe hauna ufundi mkubwa ila una utaratibu. Injini iwe imepoa kabisa, iwe imelala saa kadhaa. Ukishika hozi ya juu mkono usihisi joto. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi kwa kitambaa wala kwa ujasiri. Jaza maji hadi shingoni, kwa sababu hewa ikibaki nyingi utapiga pampu mara arubaini na tundu dogo litapitisha hewa badala ya maji, usione kitu. Futa kila mahali pakavu kwa kitambaa. Funga adapta, pandisha presha hadi namba ya mfuniko wa gari hiyo na usipite hapo. Kosa la kawaida ni kuona geji inafika 35 ukadhani na wewe ufike. Rejeta za siku hizi zina tangi la plastiki lililobanwa kwa meno ya alumini juu ya mpira. Ukiipa rejeta ya miaka 15 PSI 25, utatengeneza uvujaji ambao haukuwepo.

Subiri dakika 15. Sindano ikikaa, mfumo ni mzima ukiwa baridi. Ikishuka, chukua tochi na kioo kidogo, ufuate.

Anzia kwenye rejeta. Ukipitisha kidole kwenye mshono wa tangi la plastiki, pale meno ya alumini yalipokunjwa, mara nyingi utakuta ukoko mkavu kama chumvi iliyoganda ukingoni mwa ndoo, wa rangi ya kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji) iliyomo: waridi, kijani au mweupe kama gari imekuwa ikinyweshwa maji ya kisima. Ukoko huo ni alama ya njia ya zamani. Chini ya presha utaona tone likijikusanya kwenye jino moja, linanenepa, linaning'inia, linaanguka. Kubana meno kwa koleo hufaa kwa muda mfupi tu, kwa sababu mpira wa ndani umeshakuwa mgumu kama plastiki. Tangi lenye ufa haligundishwi likadumu. Gundi za aina ya epoksi hushika plastiki ikiwa baridi, ikipata joto na presha kila siku huachia. Badilisha rejeta.

Baada ya hapo pampu ya maji. Chini ya shafti yake kuna kitundu kilichowekwa makusudi na mtengenezaji. Sili ya ndani ikianza kufa, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Doa kavu dogo si kesi. Mchirizi mfumo ukiwa na presha ya PSI 13 ni kesi, na kitundu hicho hakizibwi kwa silikoni hata siku moja: ukikiziba, maji yanakwenda kwenye beringi, beringi inasaga, na kwenye injini ambazo pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi unaweza kupoteza mkanda pia.

Hozi zikaguliwe mwishoni mwake, chini ya klipu. Klipu za skrubu zilizokazwa kupita kiasi hukata mpira, na mpira uliolowa oili huwa laini kama maandazi. Kuna uvujaji unaotokea baridi tu: asubuhi chuma na mpira vimejikunyata, klipu imelegea, maji yanatoka, injini ikipata joto kila kitu kinatanuka na panakauka. Pampu inaukamata huu vizuri sana, kwa sababu inapima wakati huo huo wa baridi.

Na sasa mahali ambapo seti hii inajilipa kwenye visiwa vyetu: hita ya nyuma. Hiace, Noah, Alphard na ndugu zao zilizotoka Japani nyingi zina hita ya abiria wa nyuma. Mabomba yake yanapita chini ya sakafu, nje, kuanzia injini hadi nyuma, yakisubiri matope ya masika na chumvi ya barabara za pwani. Hakuna abiria wa Makunduchi aliyewahi kuomba hita. Lakini maji ya moto yanazunguka humo mchana na usiku, na bomba la chuma linaoza kutoka nje kuja ndani, hasa pale lilipobanwa na kishikio, kwa kuwa tope hukaa hapo bila kukauka. Gari ikitembea tone linapeperushwa, halionekani popote. Weka gari juu ya stendi, ipe presha, lala chini na tochi: tundu la sindano linarusha mchirizi mwembamba kama uzi.

Hapa huna haja ya kutafuta bomba jipya. Karibu na injini, tenga hozi mbili zinazokwenda nyuma, ya kwenda na ya kurudi, uziunganishe kwa kipande cha hozi ya maji ya moto chenye kipenyo kile kile, kilichopinda bila kujikunja. Mzunguko unabaki, hita ya nyuma inatoka kwenye hesabu. Usitumie mpira wa kumwagilia bustani, joto litaulainisha ndani ya siku chache. Pima tena baada ya kufunga, kisha punguza kiasi cha kulanti unachojaza, kwani mfumo sasa ni mdogo.

Hita ya mbele nayo hujitangaza kwa harufu: utamu fulani mzito ndani ya gari, kioo cha mbele kinachotanda ukungu wenye mafuta, zulia la upande wa miguu lililolowa bila mvua. Hozi zake nazo zinaweza kuunganishwa hivyo hivyo, kwa hali yetu ya hewa hakuna atakayelalamika.

Kama sindano inashuka na hakuna tone nje popote, usikimbilie kusema hedi. Kwanza rudia kiungo cha pampu. Pili, toa plagi zote, acha presha ndani kwa nusu saa, kisha mtu azungushe ufunguo: ukungu wa maji ukiruka kutoka tundu la plagi, umepata jibu. Usiegemeze uso hapo. Tatu, ushahidi wa moshi. Seti hii haina kifaa cha kemikali cha kupima gesi, na huo ni upungufu wake mkubwa; kinunuliwe peke yake. Ni bomba la kioo au plastiki lenye maji ya buluu. Unapunguza maji ya rejeta vidole viwili chini ya shingo ili yasifyonzwe, unawasha injini, unavuta hewa ya juu ya maji ipite kwenye buluu ile. Kwenye injini ya petroli, ikigeuka njano, gesi ya moto inaingia kwenye maji. Kujua kama dawa bado ni nzima, ipulizie pumzi yako: hewa ya mapafu ina kaboni dayoksaidi, nayo huigeuza. Isipogeuka, umeuziwa maji ya rangi.

Pampu yenyewe inaweza kusaidia hapo kidogo. Ukiwa umeifunga, washa injini ikiwa baridi, presha ianzie chini. Sindano ikipanda haraka ndani ya sekunde chache, kabla maji hayajapata joto, au ikitetemeka kwa mdundo wa injini, kuna silinda inayopumua ndani ya maji. Zima mara moja, achia presha kwa kitufe, usiiache ipite namba ya mfuniko.

Mfuniko ndio kitu cha bei ndogo kinacholaumiwa kidogo kuliko kinavyostahili. Una valvu mbili. Kubwa inashikilia presha. Ndogo ya katikati inaruhusu maji yarudi kutoka kopo la akiba injini ikipoa. Ivute ile ndogo kwa ukucha: iwe inafunguka na kurudi yenyewe. Ikiwa imeganda, gari ikipoa utakuta hozi ya juu imejibana kama mrija wa juisi uliofyonzwa hadi mwisho, na kopo la akiba linabaki limejaa wakati rejeta ina upungufu. Watu wengi hutazama kopo wakaridhika. Kwa mfuniko wa 0.9, Toyota wanataka valvu kubwa ifunguke kati ya 0.75 na 1.05, na ukishuka chini ya 0.6 utupwe, kwa ule wa 1.1 ni kati ya 0.95 na 1.25, na chini ya 0.8 utupwe. Lowesha mpira wake, funga kwenye kipande cha kupimia, piga pampu polepole, soma pale sindano inapokataa kupanda. Kazi hii seti inaifanya bila kasoro. Ila usitie mfuniko wa 1.1 kwenye gari ya 0.9 ukidhani unaiongezea nguvu. Unaongezea kazi kila hozi na kila mshono.

Injini za rotari, zisizo na pistoni, zinastahili neno hapa, kwa sababu RX-8 ya Mazda, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, haina silinda hedi na fundi aliyezoea Toyota hupotea. Injini yake, 13B ya sentimita za ujazo 1308, ni kama mkate wa tabaka: vipande vitatu vya chuma na viwili vya alumini vimepangwa na kubanwa pamoja kwa bolti ndefu. Baina ya tabaka na tabaka maji yanazuiwa na oringi za mpira zilizokaa kwenye mifereji. Ikichemka sana mara moja tu, alumini inatanuka kuliko chuma, oringi inabanwa na kuungua, na baada ya hapo maji yanaingia kwenye chumba cha moto. Dalili ni moshi mweupe asubuhi, mapovu kwenye kopo, na kuwaka kwa shida baada ya kuzimwa ikiwa na joto, maana presha iliyobaki inasukuma maji ndani. Ipe presha ya mfuniko wake, iache saa moja, toa plagi za chini, tazama kama zimelowa. Pampu hii inatosha kabisa kwa hilo.

Injini hiyo hiyo ndiyo wajenzi wa ndege za nyumbani, hasa Marekani, wanayoitia kwenye ndege zao ndogo, na wao hawana ukingo wa barabara wa kuegesha. Kuna mawili ya kujifunza kwao. La kwanza ni kwamba geji ya joto peke yake si mlinzi. Sensa ya joto inasema kweli ikiwa imezama ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake, inabaki kwenye hewa na mvuke, na sindano inaweza hata kuteremka wakati injini inaungua. Kwa hiyo wanaoelewa huweka geji ya presha ya maji kando ya ile ya joto. Hozi ikipasuka presha inaanguka papo hapo, joto linachelewa kusema. Dereva wa daladala akiona sindano ya joto imepanda, halafu ghafla imeshuka bila sababu, asishukuru, asimame. Gari ya abiria ya njia ndefu, Mjini hadi Nungwi au Chake hadi Konde, inafaa kuwekewa sensa ya kiwango cha maji yenye kengele.

La pili ni juu ya muda. Rotari ni chuma kinachozunguka ndani ya nyumba ya alumini: joto likizidi, nyumba inatanuka zaidi na nafasi inaongezeka, kwa hiyo si rahisi kujam, inaweza kuendelea kuzunguka kwa nguvu ndogo mpaka rubani atue, ingawa baada ya hapo sili zake ni za kutupa. Pistoni ya kawaida ni kinyume: alumini ndani ya chuma, inatanuka, inakwaruza, inang'ang'ania. Kwa hiyo usichukue mfano wa rubani ukasema "nifike tu Mkokotoni". Zima. Na usimwage maji baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa ya moto, hedi inaweza kupasuka. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu.

Kifaa cha kufyonza hewa kilichomo kwenye seti ni kizuri lakini kina masharti. Kinafanya kazi kwa hewa ya kompresa inayopita kwa kasi, karibu PSI 90, na si ya dakika moja. Kompresa ndogo ya kujazia tairi inayochomekwa kwenye soketi ya sigara haikiwezi. Ukiwa na kompresa ya gereji, kinavuta hewa yote kutoka mfumo mpaka hozi zinajibana, jambo ambalo ni la kawaida, usishituke. Funga valvu, subiri dakika 5. Sindano ya vakyumu ikikaa, mfumo haupitishi hewa. Kisha fungua upande wa ndoo ya kulanti, inafyonzwa yenyewe. Kwa gari ambazo injini iko chini ya viti na mabomba ni marefu, hii inamaliza ule mchezo wa kuegesha mlimani, kubana hozi kwa mkono na kuwasha injini mfuniko ukiwa wazi kwa nusu saa. Ndoo iwe juu kidogo na iwe na kulanti ya kutosha, kwani ikifyonza hewa katikati unaanza upya.

Kuhusu unachokifyonza humo: maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Chokaa inabaki kwenye mirija ya rejeta kama inavyobaki kwenye birika. Tumia maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, ila soma chupa, asidi ya betri husimama rafu moja nayo. Kwa kuwa hatuna barafu, asilimia 40 ya kulanti nzito, ambayo bado haijachanganywa na maji, inatosha: kwenye mfumo wa lita 6, ni lita 2.4 za kulanti na 3.6 za maji. Chini ya asilimia 30 dawa ya kutu inakuwa haba. Na kuzidisha hakusaidii, kwa sababu maji ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi, kulanti inaongeza kiwango cha kuchemka na kulinda chuma. Kulanti ya waridi ya Toyota imeshachanganywa nusu kwa nusu, haiongezwi maji. Rangi si kipimo cha aina, kijani cha kampuni moja si kijani cha nyengine. Na unapomwaga rejeta pekee, sehemu kubwa ya maji ya zamani inabaki kwenye bloku, kwa hiyo pima kilichotoka kabla ya kupiga hesabu.

Unga wa kuzibia na dawa zake za chupa huziba kitundu cha rejeta kwa wiki kadhaa, hilo ni kweli. Lakini haujui kuchagua. Unakaa pia kwenye mirija mizima, kwenye kopo, chini ya valvu ndogo ya mfuniko. Bizari ya jikoni nayo ni hivyo hivyo, na afadhali yake ikabaki kwenye pilau. Ukiwa njiani na huna budi, tia, ufike, halafu safisha mfumo wote kabla ya kupima kwa pampu, maana uchafu huo utakudanganya kwamba pazima.

Kasoro za seti kwa ufupi: lachi za boksi zinashika kutu, maandishi ya adapta yanafutika (yaandike tena kwa kalamu ya rangi siku ya kwanza), kipimajoto ni cha kutia droo, na plastiki ya adapta za skrubu haipendi kukazwa kwa nguvu. Adapta ya mpira ilowekwe maji ya sabuni kabla ya kutiwa, kamwe isipakwe oili, itavimba isitoke. Baada ya kazi suuza kwa maji matamu, kausha, kwani hewa ya bahari inaingia hata ndani ya boksi.

Wenye mashine za nje za boti waiache; mashine zao zinapozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja na tatizo lao mara nyingi ni impela, panka dogo linalosukuma maji. Kwa gereji ya Pemba yenye gari nyingi za abiria na milima ya Chake hadi Wete, inunuliwe moja na itumike kwa zamu. Kwa mwenye gari moja ya Toyota, mfuniko mpya, klipu sita na tochi vitangulie. Kwa mwenye gari ya Ulaya yenye kopo la skrubu, abebe mfuniko wake hadi dukani aujaribu kwenye adapta zote kabla ya kulipa. Seti hizi zinajua Toyota, Nissan na Honda, lakini kwa kopo la Ulaya kuna siku vipande vyote 28 hukataa.